MKOPO, DHAMANA NA MVUJA JASHO: FUNZO LA UVIKO-19 KWA MKOA WA SINGIDA

Kila baa linapoingia nchini, liwe njaa, vita au maradhi, huzuka swali moja ambalo ni la kisiasa kabla ya kuwa la kihasibu: Serikali itoe fedha kumwokoa nani, na fedha hizo zimfikie kwa njia gani? Wako wanaodhani kwamba swali hili ni la wataalamu wa mabenki peke yao. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Njia ambayo fedha hupita haichimbwi siku ya baa. Huwa imekwisha kuchimbwa miaka mingi nyuma, na walioichimba waliichimba kwa faida ya tabaka fulani. Tutautumia Mkoa wa Singida kama mfano. Huu ni mkoa wa wakulima wa alizeti, vitunguu na mtama, wafugaji, wauza kuku na wachuuzi wadogo, ambako mtu aweza kuiona njia hiyo waziwazi bila ya kupotezwa na majumba marefu ya mjini.

Mkoloni na mkopo

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, nchi yetu ya kati ilikuwa magofu. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Jirani zetu wa Ugogo wanaikumbuka njaa iliyofuata kwa jina la Mtunya, na juu ya njaa hiyo ikaja homa ya mafua ya 1918 na 1919 iliyozunguka dunia nzima. Mnyaturu, Mnyiramba na Mgogo walitoka katika misiba hiyo wakiwa hawana ng'ombe wala mbegu za kutosha, na bado mkoloni akadai kodi kwa fedha taslimu.

Je, mtu wa namna hiyo angeanzaje tena biashara au kilimo? Kwa mkopo. Lakini mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria iliyozuia biashara ya mkopo na wale iliowaita "wenyeji", na mwaka 1931 ikatunga nyingine ya namna hiyo hiyo. Mtu asiyekuwa Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani ila kwa idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Sheria hizo zilitetewa kwa maneno matamu: kwamba zinamkinga Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake yalikuwa mengine. Benki hazikuwa na haja naye, na mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kumwamini. Biashara ya jumla, magari na mashine vikabaki mikononi mwa wachache, na Mwafrika akabaki kuwa muuza mazao na mnunuzi wa chumvi. Ndivyo ulivyochimbwa mfereji wa kwanza: fedha zifuate dhamana, na dhamana ya mvuja jasho isihesabiwe kuwa dhamana.

Uhuru, Azimio na mapungufu yake

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, kazi ilikuwa ni kuugeuza mfereji huo. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka 1971 ikaundwa Benki ya Maendeleo Vijijini, na mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO. Vyombo hivi vilikuwa na maana kubwa. Kwa mara ya kwanza nyenzo za fedha zilikuwa mali ya wananchi, na mhunzi, mshonaji au mwenye kinu cha kusaga aliweza kutajwa katika mipango ya taifa.

Hata hivyo, uchambuzi wa kimapinduzi haufumbi macho. Katika miaka ile tulikuwa na lugha nzuri ya kumzungumza mkulima na mfanyakazi, lakini hatukuwa na lugha ya kumzungumza mchuuzi mdogo. Mama anayekaanga vitumbua stendi si bepari, maana hamnyonyi mtu. Wala hana mwajiri, kwa hiyo hakuhesabiwa kuwa mfanyakazi. Kwa kukosa jina, alikosa pia mahali katika mpango. Mwaka 1976 ilipoendeshwa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini kabla ya maduka ya ushirika kuwa tayari kushika nafasi yake. Mwaka 1983, chini ya kampeni ya Nguvu Kazi, wachuuzi mijini walikamatwa kama wazururaji. Siasa ya Ujamaa haikudai hivyo. Kosa lilikuwa katika kulichanganya tabaka la wanyonyaji na umma wa watu wanaojitafutia riziki kwa mikono yao wenyewe.

Mabenki yanarudi kwa dhamana

Katika miaka ya 1990 mambo yaligeuka. CRDB ilibinafsishwa mwaka 1996. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, na mwaka 2000 hisa zake nyingi zikauzwa. Mabenki yaliyobaki sokoni yakarudi kwenye kanuni ya zamani: hati ya nyumba, mshahara wa serikali, au hapana mkopo. Mwanakijiji wa Mkalama mwenye shamba lisilo na hati, mbuzi ishirini na kibanda cha kuuzia mafuta ya alizeti kando ya barabara alionekana hana kitu.

Serikali ya Chama Cha Mapinduzi haikukaa kimya. Mwaka 1994 uliundwa mfuko wa wajasiriamali unaosimamiwa na SIDO. Katika miaka hiyo hiyo ilianzishwa pia mifuko ya wanawake na vijana katika halmashauri. Kuanzia mwaka wa fedha 2006/2007 zilitolewa fedha ambazo wananchi waliziita "mabilioni ya JK", kwa hesabu ya shilingi bilioni 1 kwa kila mkoa. Lakini fedha hizo nazo zilipitia mabenki, na benki ni benki: hupima kwa dhamana. Ahadi ya mwaka 2015 ya shilingi milioni 50 kwa kila kijiji haikutekelezwa kama ilivyotamkwa. Mwaka 2018 zilipigwa hatua mbili zenye uzito. Kwanza, Sheria ya Fedha iliweka wajibu wa kisheria kwa kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Pili, mwezi Desemba Rais John Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo, 25,000 kwa kila mkoa, kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Hapo mchuuzi alipata jina mbele ya dola.

Baa la mwaka 2020

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa tangu siku ya pili yake. Katika nchi nyingi watu walifungiwa ndani. Tanzania ilikataa njia hiyo, kwa hoja kwamba anayekula alichochuma leo hawezi kufungiwa mwezi mzima. Tathmini ya uamuzi huo kwa upande wa afya ni somo jingine, wala halipaswi kukwepwa. Hapa tunauangalia upande wa riziki tu. Masoko ya Singida yalibaki wazi.

Lakini soko wazi si soko lenye wateja. Singida iko katika barabara kuu inayotoka Dodoma na Manyoni, ikapita Singida mjini, Misigiri na Shelui, kuelekea Nzega na mpaka wa Rusumo. Mipaka ilipobanwa na madereva wa malori wakazuiliwa, anayeuza chakula barabarani alihisi. Kuku wa Singida hupelekwa Dar es Salaam. Hoteli za huko zinapokosa wageni, tenga la kuku huwa hasara ya mtu wa Ikungi. Shule zilipofungwa, muuza maandazi wa jirani na shule alipoteza wateja wake siku ile ile.

Sasa tuangalie msaada ulipita wapi. Tarehe 12 Mei 2020 Benki Kuu ilitangaza hatua zake. Amana ambayo mabenki hulazimika kuiweka Benki Kuu ilipunguzwa kutoka asilimia 7 hadi 6. Riba inayotozwa mabenki yanapokopa Benki Kuu ilishushwa kutoka asilimia 7 hadi 5. Mabenki yaliruhusiwa kuwarefushia wateja muda wa kulipa. Kiwango cha kutuma fedha kwa simu kwa siku kilipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5.

Hatua hizi zilikuwa za busara kwa mabenki na kwa wateja wa mabenki. Lakini tujiulize: mama lishe wa Manyoni ambaye hajawahi kukopa benki angerefushiwa muda wa deni gani? Deni lake lilikuwa kwenye kikundi cha upatu, kwa mwenye duka la unga, au kwa wakopeshaji wa mitaani ambao wananchi wamewapa jina linalowastahili: kausha damu. Huko Benki Kuu haikufika. Na yule anayezungusha shilingi elfu 30 kwa siku hakuwa na habari na kiwango cha milioni 5.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni letu peke yetu. Huko Marekani, ngome ya ubepari, Serikali ilianza kutoa dola bilioni 349 Aprili 2020 kwa biashara ndogo, na fedha hizo zikaisha katika siku 13. Kwa kuwa zilipitia mabenki, waliotangulia kupata ni waliokuwa na maofisa wa benki wanaowafahamu, yakiwamo makampuni makubwa ya mikahawa. Baadhi yao yalizirudisha baada ya kelele za umma. Utajiri wa nchi haukuubadili mfereji.

Kwa upande wetu, Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25. Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 dhidi ya athari za UVIKO-19. Fedha nyingi zilielekezwa katika afya, maji na elimu, yakiwamo madarasa 15,000 nchi nzima, kwa shilingi milioni 20 kila darasa la sekondari. Wapo waliouliza darasa lina uhusiano gani na biashara ndogo. Uhusiano upo. Kazi hiyo ilitegemea mafundi wa mahali penyewe badala ya makandarasi wakubwa. Fundi akalipwa, naye akanunua wali kwa mama lishe. Mwenye toroli akapata mzigo wa mchanga. Fedha ya umma ilifika mtaani bila kuuliza hati ya nyumba. Hilo ni funzo kubwa. Lakini ni katika miezi hiyo hiyo wamachinga nchini walipoondolewa barabarani na kuhamishiwa maeneo yaliyotengwa, ambayo mara nyingi yalikuwa mbali na wateja. Mkono mmoja ulipotoa, mwingine ulikuwa ukihamisha.

Kiini cha suala

Historia hii inatufundisha mambo matatu.

Kwanza, msaada hufuata mfereji uliopo. Ukipita katika benki, humfikia mwenye dhamana. Ukipita katika kazi za umma na vikundi, humfikia mvuja jasho. Kwa hiyo kuchagua njia ni kuchagua tabaka.

Pili, mfuko wa asilimia 10 una kasoro katika msingi wake. Asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya jijini ni fedha nyingi. Asilimia 10 ya mapato ya Mkalama au Itigi ni kidogo. Zaidi ya hayo, baa linapoingia, ushuru wa mazao na wa masoko hushuka, na mfuko nao hushuka. Yaani mfuko hupungua siku ile hasa unapohitajiwa. Ghala gani hilo linalojaa wakati wa mavuno na kuwa tupu wakati wa njaa? Inafaa Serikali Kuu iwe na akiba ya kujazia mifuko ya halmashauri maskini wakati wa baa, kwa kipimo cha mahitaji na si cha makusanyo.

Tatu, fedha bila siasa huliwa. Aprili 2023 mikopo ya asilimia 10 ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, na ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mwanamke mwaminifu aliyekuwa amejiandaa kukopa alingoja zaidi ya mwaka kwa ajili ya wezi ambao yeye hakuwafahamu. Kikundi hewa hakizaliwi na benki. Huzaliwa pale ambapo wanachama wa tawi hawajui nani amekopa nini. Orodha ya wakopaji ikisomwa mbele ya mkutano wa kijiji, kikundi hewa hakina pa kujificha.

Wajibu wa makada, basi, ni huu. Kila tawi mkoani Singida lijue idadi ya wachuuzi, wakamuaji wa alizeti, wauza mashudu na mama lishe walio katika eneo lake, na vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Lijue nani anadaiwa na kausha damu. Lihimize ushirika wa akiba sasa, wakati masoko yana watu. Na katika vikao liitetee hoja kwamba msaada wa baa lijalo upite katika njia inayomfikia asiye na hati.

Mtu wa Singida hangoji mvua inyeshe ndipo achimbe lambo. Huchimba wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na udongo ukiwa mgumu, kwa sababu anajua maji hayatamsubiri. Baa jingine litakuja. Likikuta mfereji ni ule wa mwaka 1923, litamwagilia mashamba yale yale.