Usalama wa umeme nyumbani

Usalama wa umeme nyumbani ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili watu wasinaswe na umeme na nyumba isiungue kutokana na hitilafu ya nyaya au vifaa. Umeme wa majumbani una volti 230 nchini Tanzania na volti 240 nchini Kenya. Kiasi hicho kinatosha kuua.

Athari mwilini

Hatari hutegemea mkondo unaopita mwilini, njia yake na muda wake. Mkondo wa miliampea 1 huhisiwa kama mchomo mdogo. Kuanzia miliampea 10 hivi misuli hukakamaa, na mtu anaweza kushindwa kuachia waya alioushika. Ukizidi miliampea 50 na kupita kifuani, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika na damu ikaacha kuzunguka. Ngozi yenye maji hupitisha mkondo kwa urahisi kuliko ngozi kavu.

Vifaa vya kinga

Wengi hudhani fyuzi humlinda mtu. Kazi yake hasa ni kulinda nyaya zisipate joto kupita kiasi: fyuzi ya ampea 13 hupitisha mkondo unaozidi mara 200 ule unaoweza kuua. Mtu hulindwa na vitu viwili vingine:

* Waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na njano, huunganishwa na umbo la chuma la kifaa kama pasi au jokofu. Waya wenye moto ukigusa chuma hicho, mkondo hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika.
* Kikata umeme unaovuja hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifikia miliampea 30, hukata umeme mara moja.

Kuingiza kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie ni hatari, kwani hufungua vizuizi vya matundu yenye umeme.

Nje ya nyumba

Waya ulioanguka huhesabiwa kuwa na umeme hadi mafundi wa shirika la umeme wathibitishe. Ardhi inayouzunguka pia inaweza kuwa na umeme. Aliye karibu huondoka kwa kuburuta miguu iliyo pamoja. Ngazi za chuma na fito za kuangulia maembe zisikaribie nyaya.

Kumsaidia aliyenaswa

Asiguswe kwa mikono. Kwanza swichi kuu izimwe. Isipowezekana, atenganishwe na waya wa nyumbani kwa ubao mkavu. Njia hiyo haifai kwa nyaya za nguzoni. Asipopumua, kifua chake kisukumwe mfululizo. Hata akionekana mzima apelekwe hospitali, kwa kuwa umeme huweza kuunguza viungo vya ndani.