Koti la Edinburgh, Blanketi la Kasulu

Mwaka 1949 kijana wa Kasulu au Kibondo aliyetaka kutoka nyumbani akaone dunia alikuwa na njia moja iliyo wazi. Ilianzia kwa wakala wa SILABU, chombo kilichoundwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 ili kuwatafutia vibarua. Mawakala wake walipenda nyanda za juu za Buha kwa sababu ambayo wenyeji wanaijua: kodi ilikuwa lazima ilipwe, na mahali pa kupatia fedha hapakuwepo. Kijana alipimwa afya, akaandikishwa, akapewa namba na blanketi, akasafirishwa na wenzake mpaka Tanga, Kilosa au Morogoro. Kutokana na namba hizo waliitwa manamba. Kabla ya hapo baba zao walikuwa wakienda kwa miguu. Wapo waliorudi na cherehani au baiskeli, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Ukizunguka Muheza na Korogwe leo utakutana na wajukuu wao, wengine hawajui Kiha hata salamu.

Aprili ya mwaka huohuo mwalimu wa shule aliondoka Tanganyika kwa njia nyingine. Julius Nyerere alikuwa ametimiza miaka 27. Alikuwa akifundisha Tabora, katika shule ya misheni ya St Mary's, mji ambao kila treni ya kutoka Kigoma lazima ipite. Sidhani kama mtu anaweza kukaa Tabora miaka mitatu bila kuyaona mabehewa ya Waha yakielekea mashariki. Yeye alielekea kaskazini, kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akasome chuo kikuu.

Maisha yake ya Edinburgh huelezwa kwa haraka katika vitabu vyetu vya shule: alikwenda, akasoma, akarudi na shahada mwaka 1952. Baridi haimo. Lakini Edinburgh iko karibu digrii 56 kaskazini ya ikweta, na katikati ya Desemba jua huchomoza huko kama saa mbili na dakika arobaini asubuhi, likazama saa tisa na dakika arobaini alasiri. Fikiria maana yake kwa mtu aliyezaliwa na saa ya Kiswahili. Saa yetu inalihesabu jua: likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza moja tena. Kule hesabu inavunjika. Mtu anakwenda darasani usiku na kurudi usiku, na kati yake kuna mwanga mchache wa kijivu ambao hauanikii hata nguo.

Mji wenyewe ulikuwa ukipashwa moto kwa makaa ya mawe. Jina lake la utani, Auld Reekie, linamaanisha kikongwe mwenye moshi, na majengo yake ya mawe yalikuwa meusi kwa masizi. Vita ilikuwa imekwisha miaka minne nyuma, lakini Uingereza bado ilikuwa inakula kwa kadi. Mgao wa nguo ulikuwa umeondolewa Machi 1949, mwezi mmoja tu kabla hajafika, kwa hiyo angalau koti aliweza kununua bila kuponi. Sukari iliendelea kugawiwa mpaka 1953, na nyama mpaka 1954. Huyu ndiye bwana mkubwa aliyekuwa akitawala robo ya dunia: anapanga foleni ya kilo ya sukari. Ukitaka kujua kwa nini wanafunzi wa makoloni walirudi nyumbani bila hofu, usitafute kwenye vitabu vya falsafa peke yake. Walikuwa wamemwona mtawala akitetemeka kwa baridi jikoni kwake.

Vitabu navyo vilikuwepo. Serikali ilikuwa imependelea asome sayansi. Yeye akang'ang'ania masomo ya sanaa, akapewa. Alisoma uchumi wa siasa, falsafa ya maadili, anthropolojia ya jamii, fasihi ya Kiingereza, sheria ya katiba, historia ya Uingereza na historia ya uchumi. Baadaye alisema mwenyewe kwamba fikra zake za siasa ziliundika huko. Naamini. Majira ya baridi ya kaskazini ni chuo ndani ya chuo: huwezi kukaa barazani, hakuna baraza, huwezi kuzurura, unakaa ndani, unasoma, unabishana na wageni wenzako waliokusanyika kwenye moto uleule. Katika miaka hiyo Waafrika wa Edinburgh walikuwa na la kubishania. Seretse Khama alikuwa amezuiwa na serikali ya Uingereza kurudi kwao Bechuanaland kwa kosa la kumwoa mwanamke Mzungu, na walowezi wa Rhodesia walikuwa wakidai shirikisho la Afrika ya Kati.

Hakuwa wa kwanza wa nchi yetu kuionja baridi hiyo, na waliomtangulia hawakupata moto wa kuotea wa namna ileile. Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa na wamisionari wa Zanzibar, alipelekwa Canterbury miaka ya 1880. Mwaka 1890 akawa padri. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900, na huyu ndiye anayenikaa moyoni. Hakwenda kusoma, alikwenda kusomesha. Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa 1887, kilikuwa kinawafundisha Kiswahili Wajerumani waliojiandaa kuja kututawala, na kilihitaji mtu wa kuwasahihisha matamshi. Kitabu maarufu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kimetokana kwa sehemu kubwa na kalamu ya Mtoro. Lakini wanafunzi wake walimdharau. Hawakuvumilia kusahihishwa na Mwafrika ambaye kesho yake wangekuja kumwamuru baba yake. Alilalamika, mwisho akaacha kazi. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, msichana wa Kijerumani mfanyakazi wa kiwanda, na mwaka uliofuata wakapanda meli kuja nyumbani. Serikali ya Kijerumani ikawazuia kushuka: mke Mzungu wa mume Mswahili alikuwa fedheha ambayo koloni lisingeweza kuiona. Ikabidi wageuze. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927, baada ya majira ya baridi zaidi ya ishirini, na pwani ya kwao alikuwa ameitazama kutoka melini tu.

Nikimsoma Mtoro naona kwamba swali la mwanafunzi ugenini mara nyingi si baridi yenyewe. Mwili huzoea. Desemba 1963 mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mpaka Uwanja Mwekundu wa Moscow baada ya mwenzao wa Ghana kukutwa amekufa nje ya mji. Wakubwa walisema alilewa, akaganda. Wenzake walisema ameuawa. Baridi ni shahidi rahisi. Husingiziwa mengi na haijibu.

Hapa niongeze jambo la lugha, maana linanifurahisha. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akikaribia Kilimanjaro, aliona kitu cheupe kileleni, akamuuliza kiongozi wake ni nini. Yule hakusema theluji. Alisema baridi. Wasomi wa London wakacheka habari hiyo, wakasema theluji haiwezi kukaa chini ya ikweta. Neno lenyewe theluji tumelipata kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi. Kwa hiyo mtu wa pwani aliweza kuitaja theluji maisha yake yote bila kuigusa. Kasulu mambo ni tofauti. Huko asubuhi za Juni na Julai ukungu hulala mabondeni na mtu hatoki bila sweta. Imbeho, wanasema Waha, na wanajua wanachosema. Kama ni kuchagua watu wa kuizoea Scotland, ungeanzia Heru Juu kabla hujafika Bagamoyo. Lakini safari za Ulaya hazikugawiwa kwa kufuata nani anaweza kustahimili baridi. Ziligawiwa kwa kufuata shule, na shule zilifuata bandari na misheni kongwe. Buha iliachwa iwe ghala la vibarua.

Kisha yule mwenye koti alirudi, na hatimaye akaifikia Kasulu. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, na Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekuwa akiitawala Heru tangu miaka ya 1940, akawa raia kama wengine. Kuanzia 1972 Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kufanyiwa operesheni ya vijiji. Novemba 1973 Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Watu wa Kasulu na Kibondo, waliozoea kila ukoo kukaa kilimani kwake katikati ya migomba yake, waliteremshwa barabarani. Wazee walikwishaliona hilo: miaka ya 1930 Waingereza waliwahamisha na kuwakusanya kwa sababu ya malale.

Mara nyingi nimejiuliza mwanafunzi wa historia ya uchumi, akiwa Scotland, alisoma nini kuhusu wakulima wa milima ya huko, ambao katika karne za 18 na 19 makabaila waliwafukuza kwenye mabonde yao ili wafuge kondoo. Si kisa kilekile. Wale waliondolewa ili tajiri apate sufu. Waha waliahidiwa shule, zahanati na maji, na shule kweli zikaja. Mtoto wa manamba akajua kusoma, na hilo serikali ya wakoloni haikulifanya kwa zaidi ya miaka arobaini. Bado, aliyelala usiku wa kwanza kwenye kiwanja kitupu kando ya barabara, na migomba yake ikiwa imebaki mlimani, hakuwa ameulizwa.

Tangu mwaka 1996 wilaya ya Kasulu ina kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita na baadaye ikapokea Warundi pia. Kutoka humo maelfu wamepelekwa Marekani na nchi nyingine za baridi kuanza maisha upya. Wapo waliozaliwa kambini, wakasoma kambini kwa Kifaransa na Kiswahili, na theluji yao ya kwanza wakaikanyaga wakiwa vijana wakubwa. Hawa nao hupanda basi kwenye barabara ileile ya vumbi jekundu, majina yao yakiwa yameandikwa kwenye orodha, kila mmoja na namba yake.