Ushuru wa nguo: baba alifuma kiwandani, mama akauza mitumba

Kila bajeti ikikaribia, huku mtandaoni kila mtu anageuka mtaalamu wa ushuru. Wengine wanasema pandisha, viwanda vifufuke. Wengine wanasema punguza, maisha yamekuwa magumu. Wacha niwaeleze tulivyofika hapa, maana hii sinema tumeshaiona. Sitaji chama wala mwanasiasa. Mkianza kutajana huko chini, shauri yenu.

Ushuru wa forodha kwanza ni pesa. Ni kazi ngumu kumfuata kila mwananchi na kitabu cha risiti, lakini meli ikitia nanga Kilindini haina pa kujificha. Ile ada ya reli ya 2013, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa kutoka nje, haikulenga kulinda kiwanda chochote. Ilitafutia reli pesa. Kwa hivyo ukiambiwa "tunalinda viwanda vyetu", uliza kwanza kama ni kulinda au ni kukusanya.

Na wa kwanza kulindwa nchi hii hawakuwa wenye viwanda. Walikuwa walowezi. Miaka ya 1920, unga wa ngano, siagi, sukari na mbao kutoka nje viliwekewa ushuru mkubwa. Uganda na Tanganyika zilikuwa zinaunganishwa na Kenya kiforodha, basi mtu wa Kampala au Dar analipa bei ya juu ili mzungu wa Bonde la Ufa apate soko. Walilalamika sana. Ule ugomvi wa jumuiya mnaousikia leo una mvi.

Baada ya uhuru tukachukua silaha ileile, safari hii kwa viwanda vichanga. Kulikuwa na Rivatex Eldoret, Kicomi Kisumu, Mountex Nanyuki. Ushuru ulikuwa juu, na juu ya ushuru kulikuwa na leseni: bila kibali huagizi kitu kutoka nje, hata ukiwa na pesa zako. Nguo ikawa mojawapo ya sekta zilizoajiri watu wengi zaidi viwandani.

Mzee wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda kimoja Thika, sitakitaja. Alirudi nyumbani na nyuzi za pamba kwenye nywele, tukimcheka. Mshahara ule ulitusomesha. Lakini yeye mwenyewe alikuwa akisema mashine zilikuwa kuukuu na hakuna aliyeharakisha kuzibadilisha. Ya nini? Shati lao likichuja rangi, ungelinunua tu, kwa sababu dukani hakukuwa na lingine.

Hapo ndipo penye tatizo, na watetezi wa ushuru huparuka upesi. Korea Kusini pia ililinda viwanda vyake, ila ilividai: uza nje, la sivyo msaada unakatika. Sisi tulilinda bila kudai, na bila kutaja tarehe ya mwisho.

Halafu tukaondoa ulinzi kwa kishindo. Wakopeshaji walitaka soko lifunguliwe, na kufikia 1993 leseni za kuagiza bidhaa zilikuwa zimefutwa. Mitumba ikaingia. Watu husema mitumba ndiyo iliua viwanda, na ni kweli nusu. Wakulima wa pamba walikuwa wamekaa bila kulipwa kwa wakati na wengi wakang'oa, umeme ulikuwa ghali, riba za benki zilipaa. Mitumba ilimkuta mgonjwa kitandani.

Mzee aliachishwa kazi, na sehemu ya malipo yake hatujaiona mpaka leo. Miezi michache baadaye mama akaanza kwenda Gikomba alfajiri. Alianza na fagia, zile nguo zinazobaki baada ya wengine kuchagua, mpaka akaweza kufungua bale yake na kuuza kamera. Kwa hivyo mkinialika kwenye mjadala nikatae mitumba, mnanialika nikatae karo yangu ya sekondari. Mzee naye hajawahi kuvaa mtumba. Tangu zamani.

Sasa njoo 2016. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole, hadi kufikia 2019. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Marekani ikatukumbusha soko la AGOA. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikakataa, na 2018 nguo zake zikanyimwa nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Kwa nini sisi tuliogopa zaidi? Angalia Athi River. Kina dada kule wanashona suruali za kupeleka Marekani, nyingi kwa kitambaa cha kutoka Asia kinachoingia bila ushuru. Marekani inavaa tunachoshona, sisi tunavaa ilichovua.

Tena "mwenye kiwanda" si mtu mmoja. Tangu 2005 jumuiya ina ngazi za ushuru: malighafi sufuri, bidhaa iliyotengenezwa nusu asilimia 10, bidhaa kamili 25. Mwaka 2022 ikaongezwa ngazi ya 35, na nguo zimo. Lakini kitambaa ni bidhaa kamili kwa anayefuma na ni malighafi kwa anayeshona. Ukimlinda wa kwanza, wa pili anaumia. Tuliliona hilo kwenye saruji 2023, klinka ya kutoka nje ilipowekewa ada ya asilimia 17.5: anayechoma klinka yake alitabasamu, anayenunua na kusaga akalia. Wote ni viwanda vya Kenya, wote wana wafanyakazi.

Ndiyo maana ushuru hauondoki kirahisi. Anayelindwa anajua jina la ofisa wa kumpigia simu. Anayelipa ni mimi na wewe, shilingi kumi hapa, ishirini pale, na hatujui hata kama tumelipa. Kila mwaka kila nchi huomba ruhusa ya kutumia kiwango chake badala ya kile cha pamoja, na orodha hiyo huchapishwa gazetini kwa jumuiya kabla ya Julai. Ni ndefu na inachosha kusoma. Ya mwaka huu nitaipitia hapa, mstari kwa mstari, nikianza na nguo.