Ekzosi ya Pikapu ya Dizeli na Namna ya Kuchagua Mbadala Wake

Ekzosi ya pikapu ya dizeli ni njia inayobeba gesi zilizoungua kutoka kwenye silinda hadi nje ya gari. Ina kazi nne: kuiacha injini ipumue, kupunguza kelele, kusafisha sehemu ya moshi, na kupitisha joto na sumu mbali na tanki, mzigo na watu. Wengi wanaotafuta ekzosi mbadala, yaani isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari, huanza na mlio, kisha wanauliza nguvu. Kwa gari la kazi mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kinachotangulia ni shughuli za gari lenyewe, kisha namna bomba litakavyokaa chini ya chesisi ile mahususi. Upana wa bomba, ambao ndio unaotangazwa kwa herufi kubwa, huja baadaye sana.

Vipande vya njia

Gesi zikitoka kwenye silinda hukusanywa na manifoldi. Injini ikiwa na turbo, zinapita kwanza kwenye gurudumu la turbo na kulizungusha, kisha zinashuka kwa bomba fupi lililopinda hadi kwenye masega, ambayo huunguza kaboni monoksaidi na mabaki ya mafuta. Magari mapya zaidi yana pia kichujio cha masizi, ambacho gerejini kinajulikana kwa herufi tatu, DPF. Mengine yana tanki dogo la maji ya urea yanayonyunyizwa ndani ya gesi ili kuvunja oksidi za nitrojeni. Mwisho kabisa ni sailensa na bomba la mkiani.

Ekzosi mbadala huuzwa kulingana na mahali inapoanzia. Ipo inayoanzia kwenye turbo na kubadilisha kila kitu, ipo inayoanzia nyuma ya masega au nyuma ya DPF, na ipo ya sailensa na mkia tu. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hilo: inaanzia wapi? Bei mbili zikitofautiana sana, mara nyingi tofauti iko hapo.

Injini inataka nini

Kuna msemo wa gerejini kwamba injini lazima iwe na mgandamizo kidogo kwenye ekzosi, la sivyo inapoteza nguvu. Umetokana na injini za petroli zisizo na turbo, ambako urefu na upana wa mabomba husaidia kuvuta gesi kutoka silinda moja baada ya nyingine, na bomba pana mno huua mvuto huo. Kwenye dizeli yenye turbo hali ni nyingine. Gurudumu la turbo huzungushwa na tofauti ya mgandamizo kati ya mbele yake na nyuma yake, hivyo chochote kinachozuia gesi nyuma ya turbo ni hasara tupu. Turbo huamka mapema pale gesi zinapotoka kwa urahisi.

Chukua pikapu mbili zinazoonekana kila siku Tanzania na Kenya. Hilux za kati ya 2005 na 2015 zenye injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0 zina turbo yenye mapezi yanayojirekebisha, na bomba pana kiasi linaweza kuonekana faida yake. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo kabisa. Hewa inayoingia ni ile injini inayovuta yenyewe, na kuiwekea bomba la inchi tatu kunaongeza kelele kuliko nguvu. Mwenye 1HZ atunze sailensa yake, azibe mianya, na pesa inayobaki aitie kwenye nozeli.

Hata kwenye 1KD, matumaini yawe ya kiasi. Kompyuta ya injini hupima hewa na kunyunyiza mafuta kwa kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali lisipobadilika, nguvu inayoongezeka ni ndogo. Faida inayodumu iko kwenye joto. Hilux iliyopakia vitunguu Ruaha Mbuyuni na kupanda Kitonga kuelekea Iringa hukaa muda mrefu kwenye gia ya chini ikiwa imekanyagwa, na huko ndiko gesi zinapopata joto kali zaidi. Wavutaji wa trela nzito nchini Marekani hufunga kipimo cha joto kabla ya turbo, na wengi wao huona kiasi cha nyuzi 700 za Selsiasi kuwa ni mahali pa kulegeza mguu. Ekzosi inayopitisha gesi vizuri husaidia kulishusha joto hilo.

Jambo moja halisaidiwi na ekzosi hata kidogo: moshi mweusi. Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa. Angalia kichujio cha hewa, mipira inayotoka turbo kwenda kwenye kipoza hewa, na nozeli. Mwenye gari linalotoa moshi akibadilisha ekzosi kabla ya kutazama hivyo, atapata gari linalotoa moshi kwa sauti kubwa zaidi.

Upana

Hesabu ya upana ina mtego, kwa kuwa eneo la tundu hukua kwa mraba wa kipenyo. Kutoka inchi 2.5 hadi inchi 3 kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 20, lakini eneo linaongezeka kwa asilimia 44. Kwa Hilux, Ranger au D-Max isiyoguswa kompyuta, inchi 2.5 inatosha na inchi 3 ndiyo kikomo cha maana. Mabomba ya inchi 4 na 5 yalitengenezwa kwa ajili ya pikapu kubwa za Marekani, kama Ram yenye Cummins ya lita 6.7, injini iliyo kubwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Hilux.

Wembamba unaodhuru mara nyingi hauko kwenye kipenyo kilichoandikwa bali kwenye kona. Bomba lililopindwa kwa mashine ya kubonyeza tu huminyika kwenye kona, likawa na umbo la yai. Bomba lililopindwa likiwa na kishikizo ndani yake hubaki mviringo mwanzo hadi mwisho. Ukilishika bomba mkononi, pitisha vidole upande wa ndani wa kona. Ukikuta makunyanzi au ubapa, ujue inchi tatu unayolipia haifiki mwisho wa safari. Vivyo hivyo chungulia ndani kwenye viungo vilivyochomelewa. Matone ya chuma yaliyoganda ndani ya bomba hukatiza mwendo wa gesi, na ni dalili ya fundi aliyeharakisha.

Chini ya gari

Hapa ndipo ekzosi nyingi nzuri huharibika. Pikapu haina nafasi kubwa chini yake. Kuna shafti, difu, springi za majani, kebo za breki ya mkono, mabomba ya breki, tanki, na juu ya yote tairi la spea linaloning'inia chini ya bodi. Bomba likipita karibu na tairi hilo, raba inakauka na kupasuka bila mtu kujua, mpaka siku ya pancha.

Urefu wa chesisi nao hutofautiana. Hilux ya kabini moja na ile ya kabini mbili hazipangiki sawa chini, na seti iliyotengenezwa kwa moja haiingii kwenye nyingine bila kukatwa. Upande wa usukani ni mtego mwingine. Spea nyingi hufika kwetu kupitia Dubai, ambako magari huendeshwa kwa usukani wa kushoto, na bomba linaloshuka kutoka turbo laweza kugonga fimbo ya usukani kwenye gari la Kenya, Uganda au Tanzania. Rwanda, Burundi na Kongo, wenye usukani wa kushoto, wataogopa zaidi seti za Australia na Afrika Kusini. Kabla ya kulipa, taja modeli, mwaka, injini, kabini na usukani. Muuzaji asiyeuliza hata kimoja kati ya hivyo anauza bomba tu.

Injini ya dizeli hutikisika, hasa inapowashwa na kuzimwa, wakati chesisi imetulia. Kati ya viwili hivyo lazima pawe na kipande kinachonyumbulika, kile chenye wavu wa chuma, na bomba zima lining'inie kwenye raba. Fundi anayechomelea bomba moja kwa moja kwenye chesisi ili lisigongegonge amehamisha mtikisiko wote hadi kwenye flanji ya turbo, na ufa utatokea huko. Nyuma, bomba linalopita juu ya ekseli lazima lipewe nafasi ya ekseli kupanda. Gari likiwa tupu kwenye jeki kila kitu kinaonekana sawa, kwa hiyo kipimo cha kweli ni kulipakia hadi uzito wake wa kazi na kuchungulia kwa tochi: upana wa vidole viwili ubaki kati ya bomba na chochote kinachosogea. Kwa barabara za vumbi na makorongo, hakuna kipande kinachopaswa kushuka chini ya mbavu za chesisi.

Mahali mkia unapotokea si suala la urembo. Mkia ulioishia chini ya bodi hupandisha moshi kupitia mianya, na kwetu nyuma ya pikapu kuna watu, ingawa hawapaswi kukaa huko. Mboga zilizopakiwa Lushoto zitafika Dar zikinuka dizeli. Nyuma ya gari linalokwenda kasi pana hewa inayojirudisha ndani, hivyo pikapu yenye kava na mlango wa nyuma uliofunguliwa huvuta moshi wake yenyewe. Mkia utokeze nje ya bodi, nyuma au ubavuni baada ya tairi la nyuma. Mabomba mawili yaliyosimamishwa nyuma ya kabini mithili ya lori la Texas yana mashabiki wake, ila yanakula nafasi ya mzigo na kuunguza turubai.

Masega na DPF

Seti inayoanzia kwenye turbo mara nyingi huja bila masega na bila DPF, na muuzaji huihesabu hiyo kuwa faida. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kuondoa kichujio ni kuhamishia masizi hayo kwa mwendesha bodaboda aliye nyuma yako kwenye foleni. Marekani sheria inakataza, lakini ripoti ya 2020 ya EPA, shirika la mazingira la nchi hiyo, ilikadiria kwamba zaidi ya pikapu 550,000 za dizeli zilikuwa zimeondolewa vifaa hivyo katika kipindi cha takriban muongo mmoja.

Malalamiko ya wenye magari yana msingi wake. DPF hujisafisha kwa kuunguza masizi kwenye joto la kiasi cha nyuzi 600, na gari la safari fupi za mjini halifiki huko, hivyo kinaziba. Salfa kwenye mafuta huongeza tatizo. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilishuka hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, ilhali Ulaya inatumia 10. Na si kila lawama ni ya dereva. Mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ya Australia ilikubali kwamba mfumo wa DPF wa Hilux, Fortuner na Prado zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 ulikuwa na kasoro.

Hata hivyo dawa ya kichujio kilichoziba ni kutafuta kilichokiziba: nozeli inayovuja, sensa iliyokufa, au mizunguko mifupi. Kinaweza kushushwa na kusafishwa. Kukitoboa hakumalizi shughuli, kwa sababu kompyuta inaendelea kukitafuta, inawasha taa na kupunguza nguvu mpaka nayo idanganywe. Mwenye gari lenye DPF achague seti inayoanzia nyuma yake. Na apitapo nyikani wakati wa kiangazi asimame akague: nyasi kavu zilizonasa juu ya kichujio hicho chenye joto zimewahi kuteketeza magari.

Chuma

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu yanatoka; ikiwa fupi yanageuka matone kwenye sailensa, sehemu iliyo baridi zaidi, yakichanganyika na salfa. Ndiyo maana ekzosi huoza kuanzia nyuma.

Chuma cha kawaida ni rahisi kuchomelea popote na hakidumu, hasa Mombasa, Tanga au Unguja kwenye hewa ya chumvi. Chuma kilichopakwa alumini ni afadhali zaidi, isipokuwa kwenye viungo, kwani moto wa kuchomelea huondoa pako. Vipakwe upya rangi ya joto. Chuma cha pua cha daraja la 409 hushika kutu ya juujuu bila kutoboka upesi. Daraja la 304 ndilo bora kwa pwani na ndilo ghali. Sumaku husaidia: inanasa kwenye 409, na kwa kawaida hainasi kwenye 304.

Mlio

Turbo yenyewe hunyamazisha sehemu ya kelele. Kinachochosha ni mvumo wa chini kwenye mwendo wa safari. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika hulipuka mara 67 hivi kwa sekunde, na kabini ikiitikia masafa hayo dereva atafika Dodoma akiumwa kichwa. Kuipiga resi ikiwa imesimama hakukuonyeshi hilo. Omba kuendesha gari la mtu aliyefunga seti hiyohiyo, kwa kasi ya barabara kuu, vioo vikiwa juu. Kenya ina kanuni za kelele za 2009, na askari hahitaji kipimo kukusimamisha.

Baada ya kufunga

Gasketi ziwe mpya, na bolti za turbo zikazwe tena baada ya kilomita mia chache, kwa sababu joto huzilegeza. Mistari myeusi ya masizi kwenye flanji ni dalili ya uvujaji hata kama husikii kitu. Sensa zote zirudi mahali pake, nyaya zake zikiwa mbali na bomba. Ngao za joto za kiwandani, zile mafundi wanazopenda kuziacha sakafuni kwa kuwa zinapiga kelele, zirudishwe pia. Ekzosi ya zamani usimwachie fundi: huenda ina masega yenye madini ya thamani kama platinamu, na siku ya kuuza gari mnunuzi anaweza kuitaka.