Gobore Mbele ya Sheria: Umri wa Silaha na Mwenendo wa Mnunuzi katika Masisi na Walikale

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto inaziweka kando bunduki za kale na nakala zake, ilimradi bunduki iliyotengenezwa baada ya 1899 isihesabiwe kuwa ya kale. Marekani, kwa sheria yake ya 1968, iliweka mpaka kwenye 1898: bunduki ya mwaka huo au ya kabla yake, pamoja na nakala yake isiyotumia risasi za kisasa, huuzwa bila muuzaji kulazimika kuchunguza mwenendo wa mnunuzi. Misamaha hii inachukulia kwamba silaha kongwe ni pambo au mali ya makumbusho. Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, dhana hiyo haina mashiko, na ni hatari mtunga sheria wa Kongo akiiazima.

Kuanzia Kingi na Mushaki hadi misitu ya Pinga, gobore, yaani bunduki ya kutengenezwa kienyeji, ni chombo cha kazi. Fundi hukata bomba la chuma likawa mtutu, akalifunga kwenye kitako cha mti, akaweka nyundo inayosukumwa na springi. Aina moja hushindiliwa baruti na vipande vya chuma kupitia mdomoni. Nyingine hupokea risasi ya kalibu 12. Ile ya kwanza, kwa umbo na utendaji, ni nakala halisi ya bunduki ya karne ya 19, ingawa imetoka kwa fundi wiki iliyopita. Mauaji ya kikabila yalipoanza katika soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, kisha yakaenea Masisi na kuua maelfu, bunduki za kienyeji zilikuwamo pamoja na mapanga na mikuki. Aliyepigwa kwa gobore hakupata nafuu kwa sababu silaha ilikuwa ya mtindo wa zamani.

Kosa hili la kupima hatari kwa umri wa silaha lina historia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingie Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, lakini ukaruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Wazungu walizihesabu kuwa hazina madhara makubwa, yaani hazikuwa na madhara makubwa kwao. Kumbe katika Kongo ya Leopold II makapita, yaani wasimamizi Waafrika wa makampuni ya mpira, walitisha vijiji kwa bunduki za fataki, ambazo tayari zilikuwa zimepitwa na wakati. Kipimo kilikuwa ubora wa silaha, aliyeishika hakupimwa.

Sheria ya Kongo ya 3 Septemba 1985 inataka kibali kwa mwenye silaha. Hilo ni jema, lakini uchunguzi wa mwenendo unategemea daftari, mahakama na polisi wanaokaa mahali pamoja. Mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Walikale ukatekwa Machi, ukaachwa mwezi uliofuata. Kumwambia mwindaji alete cheti cha mwenendo mwema katika hali hiyo ni kumfanya mhalifu kabla hajakosa, naye ana familia ya kulisha na shamba la kulinda dhidi ya nyani. Kumwachia chifu peke yake hakufai pia, kwa maana katika migogoro ya ardhi ya Masisi machifu wengi ni upande mmojawapo. Naona ushuhuda utolewe na watu wa jamii zaidi ya moja wanaoishi na mwombaji, wakiwemo wanawake, na uandikwe nakala mbili, moja ikae nje ya eneo la vita.

Kuna mahali pengine pa kushika. Gobore huzaliwa kijijini, lakini risasi ya kalibu 12 hutoka kiwandani, mfano kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, ikapita kwa wafanyabiashara wanaojulikana. Uchunguzi ufanyike pale risasi inaponunuliwa: jina, kibali, idadi. Bunduki ya kushindilia itaponyoka kwenye wavu huu, na kwa hiyo fundi mwenyewe lazima aingizwe katika sheria. Siku hizi hufanya kazi kwa kujificha, na kila anayemwendea anamjua kwa jina, kwa ukoo na kwa ugomvi wake na jirani. Akipewa leseni na wajibu wa kuandika wateja, pamoja na haki ya kumkatalia mtu bila kuogopa kulipiziwa, atakuwa mchunguzi wa kwanza ambaye sheria ya 1985 haikumfikiria.