Kanisa la Baler: Siku 337 Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Mtu akifika katika mji mgeni, macho yake hukimbilia kwanza yale yanayopendeza. Katika Baler, mji mdogo wa Ufilipino ulio pwani ya mashariki ya kisiwa cha Luzon, macho hayakosi kazi. Nyuma ya mji imesimama milima ya Sierra Madre yenye misitu mizito. Mbele yake bahari ya Pasifiki huleta mawimbi marefu kwenye mchanga wa Sabang, na vijana wa Manila husafiri zaidi ya kilomita 200 kuja kuteleza juu ya mawimbi hayo kwa mbao. Katika San Luis, jirani yake, maporomoko ya Ditumabo yanashuka katikati ya miamba. Huko Maria Aurora kuna mti mkubwa uitwao balete, wa jamii ya mikuyu, unaosemwa kuwa na umri wa karne sita; mizizi yake imeachana hata mtu aweza kuingia ndani na kutokea upande wa pili.

Hayo yote yanastahili safari. Lakini leo tusimame mahali pawili pasipong'aa sana, kwa maana hapo ndipo mji unaposimulia habari zake wenyewe.

Mahali pa kwanza ni kilima cha Ermita. Wafransisko walianzisha misioni Baler mwaka 1609, na watu wakakaa karibu na maji. Tarehe 27 Desemba 1735 bahari iliinuka ikaufagia mji huo wa zamani. Jamaa chache tu ziliokoka kwa kukimbilia kilimani. Waliobaki hawakuikimbia pwani yao. Walijenga upya mahali palipo juu kidogo. Siku hizi wageni hupanda Ermita ili kutazama ghuba, na sanamu zilizowekwa huko huwakumbusha wale waliopanda huku maji yakiwafuata.

Mahali pa pili ni kanisa la parokia, la Mtakatifu Ludoviko, askofu wa Toulouse. Ni kanisa la kiasi, lisilo na fahari kubwa. Anayelipita haraka hatadhani kwamba humo ndani watu walijifungia karibu mwaka mzima.

Ilikuwa mwisho wa Juni 1898. Wafilipino walikuwa wameinuka dhidi ya utawala wa Hispania uliodumu zaidi ya karne tatu. Askari wa Kihispania zaidi ya 50 waliokuwa Baler waliingia kanisani, jengo la mawe lililo imara kuliko yote mjini, wakaziba milango na madirisha. Wafilipino wakawazingira. Ndani walichimba kisima, na baadaye wakalima mboga kidogo kando ya ukuta. Lakini chakula chao kiliharibika, na ugonjwa wa beriberi, unaotokana na chakula kisicho na vitamini, ukaanza kuwamaliza. Padri wa parokia, Cándido Gómez Carreño, alikufa Septemba. Kapteni Enrique de las Morenas akafuata mwezi Novemba. Uongozi ukamwangukia luteni kijana, Saturnino Martín Cerezo. Ukiwahesabu waliokufa mle ndani, utaona kwamba risasi ziliua wachache. Maradhi yaliua wengi.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba vita waliyoipigana ilikuwa imekwisha. Manila ilianguka mikononi mwa Wamarekani tarehe 13 Agosti 1898. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, kwa mkataba wa Paris, Hispania iliiachia Marekani visiwa vyote kwa dola milioni 20. Wafilipino waliwapelekea askari wale barua, magazeti na wajumbe. Mapadri wawili Wafransisko walitumwa kuwashawishi, nao wakabaki humo pamoja nao. Martín Cerezo hakusadiki. Kwake kila gazeti lilikuwa hila ya adui. Hata afisa mkubwa wa Hispania alipokuja mwenyewe, Mei 1899, alidhaniwa kuwa mwongo.

Afisa yule aliacha magazeti. Luteni aliyapekua, akakuta habari fupi: afisa mmoja rafiki yake amehamishiwa Málaga. Martín Cerezo alijua tangu zamani kwamba rafiki huyo alitamani kwenda huko. Hakuna adui ambaye angaliweza kutunga jambo kama hilo. Basi mistari michache ikafungua mlango ambao mizinga haikuufungua. Tarehe 2 Juni 1899, baada ya siku 337, bendera nyeupe ilipandishwa. Askari 33 wakatoka, pamoja na mapadri wale wawili.

Tusiwafanye watakatifu. Walichoma nyumba za wenyeji walipotoka kutafuta chakula. Siku moja kabla ya kusalimu amri, wenzao wawili waliofungwa kwa kosa la kutaka kutoroka walipigwa risasi. Ushujaa uliokataa kusikia uligharimu maisha ya watu, ndani na nje ya kuta.

Wafilipino je, walifanya nini? Wakati ule walikuwa wamekwisha kuingia katika vita nyingine, dhidi ya Marekani, na jamhuri yao changa ilikuwa inasukumwa nyuma. Wangaliweza kulipiza kisasi, sababu hazikukosekana. Lakini tarehe 30 Juni 1899 Rais Emilio Aguinaldo alitoa amri kwamba watu hawa wasihesabiwe kuwa wafungwa bali marafiki, wapewe hati za kupita, warudi kwao. Amri hiyo haikufuta madhambi ya ukoloni, wala haikusema kwamba wazingirwa walikuwa na haki. Ilikataa tu kuendeleza uadui pale ulipokuwa umekwisha.

Tangu mwaka 2003, kwa sheria, tarehe 30 Juni ni siku ya urafiki kati ya Ufilipino na Hispania, na Baler huiadhimisha kwa heshima ya pekee. Mji uliozingira kanisa lake wenyewe umekuwa mji wa kukumbuka msamaha.

Vijana wapenzi, mara nyingi twadhani kwamba vita hukoma siku wakubwa wanapotia sahihi. Baler yatufundisha kwamba hukoma mtu anapokubali kusadiki neno la kweli kutoka kinywa cha yule aliyekuwa akimwogopa, na yule mwingine anapompa njia ya kurudi nyumbani. Katika kikundi chenu, jiulizeni: ni mlango gani kati yetu ungali umezibwa, hali vita yake ilikwisha zamani? Na ni nani atakayepeleka habari ambayo aliye ndani ataweza kuisadiki?