Nyoka Alalie Nini? Historia ya Tandiko, Kutoka London Hadi Kibiti

Tuanze na swali ambalo huenda hujawahi kujiuliza. Ukikabidhiwa nyoka leo, ukaambiwa umtunze vizuri, utamtandikia nini? Kanga kuukuu? Mchanga? Maranda kutoka kwa fundi seremala? Usicheke. Watu wazima, wasomi kabisa, wamehangaika na swali hili kwa zaidi ya miaka 170, na majibu yao ya mwanzo yalikuwa ya ajabu.

Twende London kwanza, halafu turudi nyumbani Rufiji. Mwaka 1849 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya reptilia, ya kwanza ya aina yake duniani. Watunzaji walijua jambo moja la kweli: nyoka hawa wanatoka nchi za joto, na London kuna baridi. Basi wakawapa mablanketi. Mwaka 1851 boa mmoja akalimeza blanketi lake zima. Alikaa nalo tumboni zaidi ya mwezi ndipo akalitapika.

Kosa lilikuwa la nani? Fikiria kazi ya blanketi. Ukijifunika usiku, blanketi halikupi joto, linazuia tu joto lako lisikimbie. Nyoka hana joto kubwa la ndani la kuzuiliwa, anachota la nje: kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye udongo. Kumfunika nyoka aliyepoa ni sawa na kufunika sufuria ya maji baridi bila moto chini, ukasubiri yachemke. Tena nyoka hutambua chakula kwa harufu, anayoikusanya kwa ulimi. Kitambaa kikishika harufu ya windo, kwake nacho ni windo.

Baada ya mablanketi vikaja kokoto, mchanga na karatasi za magazeti. Gazeti halipendezi macho, lakini lina sifa moja kubwa: uchafu unaonekana, na utitiri wanaonyonya damu ya nyoka hawapati pa kujificha. Ndiyo maana mpaka leo nyoka mgonjwa au mgeni hutandikiwa gazeti. Ila ona kinachoendelea hapa: mpaka hapo tandiko linachaguliwa kwa kumfikiria anayefagia. Anayelala bado hajaulizwa.

Swali lilibadilika mwaka 1944, Raymond Cowles na Charles Bogert walipochapisha utafiti wao kuhusu joto la reptilia wa jangwani huko Marekani. Walionyesha kwamba kumwita mnyama huyu "mwenye damu baridi" ni kumsingizia. Reptilia hutawala joto la mwili wake kwa kuhama: anaota jua, anaingia kivulini, anajifukia, anatoka tena. Kwa hiyo tandiko la nyoka halifanani na godoro lako. Kinachomstarehesha ni kuwa na uchaguzi: upande wenye joto, upande wenye ubaridi, unyevu kidogo, na mahali pa kujificha.

Sasa turudi nyumbani. Kusini mwa Mto Rufiji, kule Liwale, aliishi C. J. P. Ionides, afisa wa wanyamapori aliyejulikana kama Bwana Nyoka. Kuanzia Liwale hadi Newala alikamata maelfu ya nyoka, wengi wakapelekwa kwenye makumbusho, bustani za wanyama na maabara za nje. Lakini nani alimwonyesha walipo? Wanakijiji. Walimletea taarifa kwamba yupo kwenye mwembe fulani au mkorosho fulani, naye aliwalipa. Elimu ya wapi nyoka anastarehe ilikuwepo vijijini siku zote. Haikuwa imeandikwa tu.

Na ukikaa bonde la Rufiji utaisoma kirahisi. Baada ya mavuno, lundo la mabua ya mpunga lina joto ndani, lina giza, na panya wamejaa. Kichuguu kinatunza unyevu wakati juu kumekauka. Shimo lililochimbwa na muhanga ni nyumba kamili: utafiti wa Graham Alexander uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza jinsi chatu jike wa Afrika Kusini wanavyotaga kwenye mashimo hayo, wakitoka kuota jua kisha kurudi kuyapasha mayai joto kwa miili yao. Hakuna aliyemwekea taa wala kipimajoto.

Basi, tuseme uko Kibiti na unasaidia kutunza nyoka wa maonyesho au wa maabara. Utatandika nini?

Maranda yanapatikana kwa kila fundi, lakini uliza kwanza ni ya mti gani. Vumbi la mvule huwawasha hata mafundi wenyewe, na mbao za jamii ya mierezi zina mafuta yenye harufu kali ambayo si salama kwa mnyama anayeishi amelalia tumbo na kunusa kila dakika. Vumbi lolote laini ni adha kwake.

Pumba za mpunga wafugaji wa kuku wanazipenda, ila zikilowa zinaota ukungu haraka.

Makumbi ya nazi ndiyo hazina yetu. Wanawake wa pwani wamekuwa wakiyafukia kwenye tope la bahari, kisha kuyaponda wapate usumba wa kusokota kamba. Ule ungaunga unaobaki ndio huo unaouzwa Ulaya kwa wafugaji wa nyoka. Unashika maji bila kuoza upesi, na unyevu huo humsaidia nyoka kujivua gamba (lile halisi, si la siasa za mwaka 2011). Yale yaliyolala baharini yaoshwe sana chumvi itoke.

Tahadhari: hii si ruhusa ya kwenda kukamata nyoka. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa.

Kwa nini basi nimekupigisha stori ndefu hivi? Kwa sababu somo la tandiko lina upande wa pili. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Aprili 2024 mafuriko yalipowahamisha watu Rufiji na Kibiti, maji yaliingia kwenye mashimo na vichuguu vilevile, na nyoka naye akimwagiwa maji kitandani hutafuta pakavu. Pakavu penye joto, giza na panya ni wapi? Ghalani. Chini ya mkeka. Kwenye rundo la kuni.

Kwa hiyo lile swali la mwanzo, nyoka alalie nini, ni swali pia la mtoto anayetumwa kuni jioni. Ukijua anapopenda kulala, unajua pa kumulika tochi kabla hujaingiza mkono.